Nchi Iliyofuta Mkia

Msiitafute Jamhuri ya Pembenyoofu kwenye ramani. Haipo, na kama ipo basi imehama, maana ni nchi ya wafugaji na hata mipaka yake ina tabia ya kufuata mvua. Yatakayosemwa hapa hayamhusu mtu yeyote mnayemfahamu. Mkiona mnamfahamu, huo ni umbeya wenu wenyewe, na msije mkaniita shahidi.

Katika nchi hiyo majina yalikuwa machache na watu walikuwa wengi. Ukisimama sokoni ukaita "Farah!", nusu ya soko inageuka. Ukiongeza jina la baba, "Farah Nur!", wanabaki mia. Ukitia na la babu, "Farah Nur Jama!", bado wanabaki ishirini, wote wamekukodolea macho na wote wana shughuli zao. Ndiyo maana kila mtu alipewa jina la utani, na jina hilo halikuwa tusi hata kidogo. Lilikuwa anwani. Mwenye jicho moja aliitwa Chongo, mkewe akamwita Chongo, wanawe wakaandikishwa shule kuwa wana wa Chongo, na hakuna aliyenuna. Palikuwa na daktari mzuri sana aliyeitwa Mazishi, na wagonjwa walipanga foleni mlangoni kwake tangu alfajiri.

Farah wetu sisi aliitwa Mkia.

Jina hilo alilipata akiwa na miaka kumi. Alipelekwa malishoni na ngamia wa baba yake, akalala fofofo chini ya mgunga, na ngamia waliponusa maji ya nyumbani wakaondoka bila kumwamsha. Alipozinduka alimwona wa mwisho akiishia. Akatimua mbio, akamdaka mkia, na ngamia yule, ambaye hakuwa na subira, akamburura kwenye miiba mwendo mzima. Kikoi kilibaki kwenye kichaka cha kwanza. Alifika kijijini uchi wa mnyama, magoti yamechunika, akapitishwa katikati ya baraza la wazee waliokuwa wakipatanisha koo mbili. Koo zile zilikuwa hazijasemezana miaka saba. Siku hiyo zilicheka pamoja mpaka zikasahau kilichozigombanisha.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa mke wa jirani, kijana bado, jina lake Ardo. Yeye alikimbia sambamba na ngamia akipiga kelele, "Shikilia, mwanangu! Usiachie!" Ngamia aliposimama, Ardo alivua mtandio wake akamfunika mtoto, akamkalisha, akamwosha magoti kwa maji ambayo mwaka ule yalikuwa adimu kuliko samli. Baadaye mama huyo alizeeka, akawa Eddo Ardo, maana kule kila bibi anayeheshimiwa huitwa Eddo, yaani shangazi. Mkumbukeni, tutamhitaji.

*

Uhuru ulikuja siku ya Ijumaa, na Jumamosi watu wote wenye suti wakagombea ubunge. Katika jimbo lile walijitokeza akina Farah Nur Jama watatu. Wa kwanza alikuwa mwalimu, wa pili mfanyabiashara wa ubani, wa tatu ni huyu wetu, aliyekuwa karani wa polisi wa serikali ya wakoloni na alijua kupiga saluti. Wapiga kura wangewatofautishaje? Farah wetu hakusita. Alichora mkia wa ngamia kwenye karatasi, akasimama juu ya pipa la mafuta, akanadi: "Mimi ni Mkia! Shikeni mkia, mfike nyumbani!"

Wapinzani wake wakamkejeli kwamba anayeshika mkia ni yule anayekuwa wa mwisho. Akawajibu papo hapo, "Mimi nilishika mkia nikafika. Nyinyi mlioshika vichwa, mbona bado mko njiani?" Vigelegele vikapasua anga. Wanawake walifunga singa za ngamia kwenye fimbo wakawa wanazipunga barabarani. Akashinda, na usiulize kwa kura ngapi, maana alishinda kwa mkia huo huo mmoja.

Wakati ule jina lilimtosha kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Akawa mbunge, akawa waziri, akawa waziri mkuu. Kisha asubuhi moja redio ikapiga muziki wa bendi ya jeshi kwa saa tatu, na mtangazaji mwenye mafua akaeleza kwamba wananchi wamemwomba Mheshimiwa awe Rais mpaka hapo yeye mwenyewe atakapochoka. Alikuwa mtu mwenye afya njema. Wabunge wenzake walipelekwa kupumzika katika gereza la Ngome Kuu, kwa usalama wao, kwa sababu ilionekana wako katika hatari ya kusema kitu.

Ingeishia hapo tungekuwa na rais wa kawaida, na hadithi isingekuwepo. Lakini Rais alialikwa ng'ambo kwa mfalme mmoja mwenye taji zito. Mkalimani wake, mtu mkweli, hakuambiwa jinsi ya kumtambulisha, basi akamtambulisha kama alivyojulikana kwao: Mheshimiwa Mkia. Mfalme akajificha nyuma ya kitambaa cha mezani. Malkia, aliyelelewa vizuri, akauliza kwa upole kama Mheshimiwa alizaliwa nao.

Ndege ya Rais ilirudi siku hiyo hiyo. Mkalimani hakurudi nayo, na alifanya vizuri.

*

Sheria ya Heshima ya Taifa ilisomwa na Waziri wa Majina Kamili, wizara iliyoundwa Jumatatu na kupata magari Jumanne. Waziri huyo, Daktari Shire Guled, hadi juzi alikuwa akiitwa Masikio, na mtu akimwona haulizi kwa nini.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa linalojiheshimu halina Chongo, halina Kibyongo, wala halina Mazishi. Kuanzia leo kila raia ni jina lake kamili, na jina lake kamili ni yeye. Atakayetamka jina la utani, kifungo miaka kumi na tano. Na kuhusu ile sehemu ya mnyama iliyoko, eh, iliyoko baada ya mgongo, neno lake limestaafishwa kwa manufaa ya umma. Itaitwa kikomo cha nyuma."

Makofi yalipigwa dakika arobaini, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Nchi ikajirekebisha. Timu ya taifa ilipokuwa ya mwisho katika mashindano, magazeti hayakuweza kusema imeshika mkia, hivyo yakaandika kwamba vijana wetu wamewasukuma wenzao wote kutokea nyuma. Tukawa pia tunawasukuma wenzetu kwa mavuno, kwa hospitali na kwa barabara. Mwalimu mmoja wa sayansi alichora punda ubaoni, akafika kwenye makalio, akaweka chaki chini. Alikamatwa kwa kosa la kuacha nafasi.

Lakini Rais bado hakuwa na raha. Siku moja, akiwa ndani ya gari lake jeusi, alikutana na kundi la kondoo mia nne wakiswagwa kwenda bandarini. Kondoo wa kule, kama mjuavyo, wana mikia minene ya mafuta inayotikisika kila wanapopiga hatua. Rais alitazama mikia mia nne ikitikisika mbele ya macho yake, akapauka.

"Wananicheka," alimwambia Waziri.

"Mheshimiwa, ni kondoo."

"Ndio wabaya zaidi. Hawakamatiki. Kateni."

Wakakata. Nchi nzima, kabla ya sikukuu ya Hija, ambayo ndiyo huuza kondoo wote wa mwaka, visu vilipita makundi kwa makundi. Waganga wa mifugo walipewa vyeti. Kondoo wakapakiwa melini wakiwa bapa kwa nyuma kama meza.

Mnunuzi wa ng'ambo, mzee mwenye ndevu na miwani, alimzungusha kondoo wa kwanza, akamzungusha tena, akavua miwani.

"Hawa wana kilema," akasema. "Dhabihu haiswihi kwa mnyama aliyekatwa kiungo. Rudisheni."

"Hawana kilema, Sheikh," Waziri akamjibu. "Wamepata maendeleo."

"Basi kuleni hayo maendeleo."

Meli zikarudi. Kondoo walifia gatini kwa kiu, wengine walifia baharini, na wafugaji waliokuja kupokea unga na nguo za watoto walipokea harufu. Hapo watu walilia, wala hapana mzaha katika hilo. Wanaume wazima walikaa chini kwenye saruji wakashika vichwa, na wapo waliorudi nyumbani bila kitu wakakuta hata nyumbani pamepungua mtu. Ikulu ikatoa taarifa kwamba kondoo wamerejea kwa sababu ya uzalendo.

*

Siku ile gatini alikuwepo mfugaji mmoja, kijana mpole, jina lake Farah Nur Jama. Ndiyo, naye pia. Watu walikuwa wakimwita Kigugumizi, na alikuwa mtoto wa pekee wa Eddo Ardo. Alisimama juu ya mizoga ya kondoo wake sabini, machozi yanamtoka, akasema kwa sauti:

"Wa-wa-wametuua kwa sa-sababu ya m-m-m-m-"

Askari aliyekuwa karibu alimsubiri kwa adabu. Sheria haiadhibu herufi moja.

"-mkia!"

Filimbi ikalia, lakini kijana alishajitosa kwenye umati. Zamani askari angeuliza kwa Kigugumizi ni wapi, na mtoto yeyote angemwonyesha mlango. Sasa hati ya kukamata ilibidi iandikwe kwa heshima, jina kamili tu. Basi walikusanywa akina Farah Nur Jama wote wa mji, kumi na tisa, wakaamriwa waseme neno moja moja ili mwenye kigugumizi ajulikane. Mbele ya mitutu ya bunduki wote kumi na tisa walipata kigugumizi. Wakatiwa ndani wote, kesi ikiendelea.

Wa ishirini hakukamatwa. Nyumba yake ilikuwa na walinzi.

Eddo Ardo alisafiri siku nne, akaketi siku tatu mbele ya lango la Ikulu, mpaka Rais akachoka kumwona dirishani akaagiza aletwe.

"Farah, mwanangu," bibi akaanza.

"Rais," Waziri akamsahihisha.

"Rais, mwanangu. Nimekuja kumwomba mtoto wangu. Ndiye peke yake niliye naye. Hakuiba, hakuua. Aliwalilia kondoo wake."

"Mtoto wako ni nani?"

"Farah Nur Jama."

Waziri akafungua daftari. "Tunao kumi na tisa. Yupi?"

Eddo Ardo akafungua kinywa, kisha akakifunga. Alikuwa mzee, lakini miaka kumi na tano alijua kuihesabu. Akamgeukia Rais. "Wewe unamjua. Mlikunywa maziwa ya ngamia mmoja. Na mimi unanijua. Haya magoti uliyofunika kwa suruali ya sufu niliyaosha mimi."

Waziri alitazama dari. Rais aliyavuta magoti yake chini ya meza polepole.

"Magoti ya Rais," alisema, "hayana historia."

Bibi akatolewa nje. Hakurudi kijijini. Alipanga kibanda nyuma ya Ngome Kuu, na kila alasiri akawa anakwenda na kibuyu cha maziwa, maana wafungwa kule hulishwa na mama zao.

*

Sasa ndani ya Ngome Kuu kulikuwa na taabu ndogo. Wanaume kumi na tisa wa jina moja wamelala chumba kimoja. Mtu akisema, "Farah, nisogezee maji," yanasogea maji kumi na nane. Ikabidi warudie desturi: Kigugumizi, Ndevu, Futi Sita, Mla Tende. Askari walisikia, na askari nao walikuwa na majina yao, wakajifanya viziwi. Kilichofika Ikulu ni hiki: kwamba chumbani mle kuna mikeka ishirini, kumi na tisa ina watu, na wa ishirini hautandikwi wala haukaliwi. Ukiuliza wa nani, unaambiwa, "Tumemwekea Mkia. Yuko njiani."

Rais alikosa usingizi wa mchana siku mbili. Hakumwamini mtu kumletea habari hiyo ikiwa nzima. Alitaka kuisikia kwa masikio yake, awanyonge kwa ushahidi wake mwenyewe. Basi akavaa kikoi cha zamani na shuka begani, akatoka kwa mlango wa jikoni bila kumwambia mtu, akajipenyeza Ngome Kuu katikati ya wageni wa alasiri, kibuyu mkononi kama watu.

Akasikia kila kitu. Alipousikia ule mkeka ukitajwa, na uwanja mzima wa ngome ukicheka kicheko kile kile cha baraza la wazee, akasahau shuka, akasahau kikoi. "Kimya!" akanguruma. Wakati huo huo kengele ya kuhesabu ikalia. Wageni wakaanza kutoka mmoja mmoja kwa kuonyesha vibali vyao. Yeye hakuwa na kibali.

Sajini Bile, aliyehamishiwa hapo juzi kutoka mpakani, alimsogelea na daftari. "Jina?"

"Farah Nur Jama!" kwa sauti ya kutikisa kuta.

"Sasa unazurura huku wakati wenzako wamepanga mstari kule?"

"Mimi ni Rais wa Jamhuri, mpumbavu wewe!"

Sajini hakukasirika. Alitazama picha rasmi ukutani. Picha ile ilikuwa imerekebishwa mara kumi na moja kwa amri ya mwenye picha: nywele zimerudi, kitambi kimeondoka, urefu umeongezwa, na chini kapewa farasi mweupe. Hata mke wa Rais alikuwa akiipigia picha magoti na kumwomba mumewe asogee asiikinge.

"Farasi yuko wapi?" Sajini akauliza.

Lakini alikuwa mtu wa haki. Akapiga simu Ikulu. "Samahani, Rais yupo?"

"Yupo," akajibu katibu.

"Una hakika?"

"Nimeketi chini yake. Ananitazama."

Sajini akaweka simu, akajikuna. "Mzee, wako kumi na tisa, wewe wa ishirini. Zamani ningekuuliza watu wanakuitaje, tukamaliza. Siku hizi haifai. Una alama gani nyingine?"

Farah alifikiri. Nishani zilikuwa nyumbani. Walinzi walikuwa nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi ule aliona kwamba kati yake na watu kumi na tisa hakuna kitu, hakuna hata kimoja, isipokuwa neno lile. Akakaza shingo, akafumba macho.

"M-m-m-" alisema. "M-m-m-m-"

Uso wa Sajini ukachanua. "Alhamdulillahi! Kumbe ndiye wewe! Mwenye kigugumizi! Jamani, tumemtafuta mtu huyu mwaka mzima!"

"Si-si-siye-"

"Msikieni! Kwa nini umewatesa wenzako bure? Nani hapa anamjua huyu?"

Wageni walikuwa bado wamesongamana langoni. Eddo Ardo akapenya, kibuyu chake kifuani. Nyuma ya Sajini alimwona mwanawe Farah, amekonda mbavu zinahesabika. Mbele yake alimwona Farah mwingine, shuka imemdondoka, kikoi kimepanda, na magoti yako wazi, na makovu yake mawili yapo pale pale.

"Eddo!" Rais akamshika mkono. "Eddo, mama yangu, waambie mimi ni nani. Ulinifunika kwa mtandio wako. Waambie!"

Bibi alimtazama magoti, kisha uso.

"Niwaambie lile jina, mwanangu?" aliuliza, polepole, ili asikie vizuri. "Lile lako? Naweza kulisema. Nitafungwa, lakini watakujua papo hapo. Sema tu, niseme."

Uwanja mzima ulivuta pumzi. Wafungwa, askari, wageni, hata mpishi mwenye mwiko, wote waliinamisha vichwa mbele kidogo, na pembeni mwa midomo yao kicheko kilikuwa tayari kimevaa viatu. Rais aliona. Akajinyoosha.

"Lile usithubutu!" akasema, na mara hii hakugugumiza. "Sema jina langu kamili. La heshima."

"Kama unavyotaka." Eddo Ardo akamgeukia Sajini. "Ninamjua. Huyu ni Farah Nur Jama. Nimemwosha magoti kwa mikono hii."

"Shahidi ametosha," Sajini akasema, akapiga muhuri. Mtuhumiwa mwenye kigugumizi amepatikana, shahidi amemtambua kwa jina kamili kama sheria inavyotaka, na wengine kumi na tisa hawana kesi. Lango likafunguliwa. Kigugumizi alitoka akajitupa kifuani kwa mama yake, na bibi akalia kwa sauti bila kumficha mtu.

Mfungwa mpya alipelekwa chumbani. Mkeka wake ulikuwa umeshawekwa, msafi, haujakaliwa na mtu. Alianza kupiga kelele za amri, moja baada ya nyingine, na Sajini akaziandika zote kwa utaratibu chini ya kichwa cha habari "Malalamiko."

Eddo Ardo alirudi hatua mbili, akapitisha kibuyu cha maziwa kati ya nondo. Hakuweza kumwacha mtu na njaa, hakulelewa hivyo. Kisha akamshika mwanawe mkono wakaondoka. Walipofika langoni aligeuka, akaweka viganja mdomoni, akapaza sauti ile ile ya miaka hamsini nyuma, ngome yote ikasikia, na mji, na inasemekana hata picha iliyoko ukutani:

"Shikilia, mwanangu! Usiachie!"